Kokoto ya mbali au matumbawe ya karibu yenye saruji: athari kwa mazingira zinapimwaje? (barabara ya km 12, Pangani)

Sanifu_Pangani aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kuna barabara ya kilomita 12 inayochepuka kutoka barabara ya Tanga–Pangani kuingia vijijini. Inapandishwa kutoka changarawe kwenda lami nyepesi. Njia ya magari ni mita 6.5, bega mita 1 kila upande, tabaka la msingi milimita 150. Magari ni machache: bodaboda, Noah, na malori ya nazi na katani wakati wa mavuno.

Nimeagizwa kuandaa ulinganisho wa vifaa vya tabaka la msingi kwa upande wa mazingira. Machaguo ni matatu:

1. Kokoto iliyosagwa (CRR) kutoka machimbo ya jiwe gumu upande wa Muheza, kilomita 65.
2. Changarawe ya matumbawe ya nchi kavu, kilomita 6 tu, CBR (kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo) 50 hivi baada ya kulowekwa, ikichanganywa na saruji asilimia 3.
3. Kifusi chekundu, kilomita 18, PI (kipimo cha unyumbufu wa udongo) 14, kikichanganywa na chokaa.

Nimetengeneza jedwali la alama 1 hadi 5 kwa umbali, vumbi, miti, hewa ukaa, maji na kelele, kisha nimejumlisha. Chaguo la pili linashinda kwa mbali kwa sababu liko karibu. Kabla sijalipeleka kwa mhandisi mshauri, naomba mnielekeze: nipime nini hasa, kwa kipimo gani, na takwimu nizitoe wapi?

---

Mzani_Barabara:

Ndugu Sanifu, jedwali la alama liweke pembeni kwanza. Alama zinaficha ukubwa wa vitu. Ukimpa mtu 4 kwenye umbali na 3 kwenye hewa ukaa, hakuna anayejua kama tofauti hiyo ni tani mbili au tani hamsini. Fanya hesabu halisi, na kwa mradi huu matokeo yatakushangaza.

Anza na kipimo cha kulinganishia. Usilinganishe tani kwa tani, kwa sababu tani ya kokoto na tani ya kifusi hazifanyi kazi sawa. Linganisha *kilomita moja ya tabaka la msingi linalobeba magari yaleyale kwa miaka 20*, matengenezo yakiwemo. Ndivyo ISO 14040 na 14044, viwango vya kimataifa vya kupima athari za bidhaa kwa mazingira, zinavyotaka: uamue kazi inayofanywa, uchore mpaka wa hesabu (machimbo, usagaji, usafiri, ujenzi, matengenezo, uondoaji), ukusanye takwimu, ukokotoe, kisha uyumbishe takwimu kuona kama mshindi anabadilika.

Sasa hesabu ya kilomita moja. Upana 8.5 m × unene 0.15 m × 1,000 m = mita za ujazo 1,275 zilizoshindiliwa.

Kokoto ya Muheza. Kwa tani 2.2 kwa mita ya ujazo unapata tani 2,805. Kulipua, kusaga na kuchekecha weka kilo 5 za hewa ukaa kwa tani: tani 14 za hewa ukaa. Usafiri: lori la tani 30 litafanya safari 94, kila moja kilomita 130 kwenda na kurudi. Likienda limejaa linakula lita 50 hivi kwa kilomita 100, likirudi tupu lita 30, kwa hiyo wastani ni 40. Hiyo ni lita 52 kwa safari, jumla lita 4,888. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.68, kwa hiyo tani 13. Jumla: tani 27 hivi.

Matumbawe na saruji. Kwa uzito mkavu wa tani 1.9, unahitaji tani 2,420 za changarawe. Kuchimba na kupakia kwa nusu lita ya dizeli kwa tani: tani 3.2. Usafiri wa kilomita 6 kwa tipa la tani 20: tani 1.8. Mpaka hapo ni tani 5, na hapo ndipo jedwali lako lilipoishia. Sasa weka saruji: asilimia 3 ya 2,420 ni tani 73 kwa kila kilomita. Kila tani ya klinka (kiungo kikuu cha saruji kinachotoka tanurini) hutoa kilo 800 hadi 900 za hewa ukaa, na 520 hivi kati ya hizo zinatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapoungua, si kwenye mafuta ya tanuri. Kiwanda kikibadili makaa kikatumia maganda ya korosho, zile 520 ziko palepale. Kwa saruji ya kawaida ya CEM II (aina iliyopunguzwa klinka) chukua tani 0.75 kwa kila tani ya saruji: tani 55. Jumla: tani 60 hivi.

Yaani chaguo la karibu lina hewa ukaa zaidi ya mara mbili ya kokoto inayotoka mbali. Kila kilomita ya kubeba kokoto inaongeza tani 0.2 tu. Ukigawanya, kokoto ingeweza kutoka kilomita 230 na bado ikalingana na matumbawe yenye saruji asilimia 3. Kosa hili la kuhukumu kwa umbali linaonekana kwenye ripoti nyingi, kwa sababu lori linaonekana barabarani na linatoa moshi, lakini mfuko wa saruji umeshatoa moshi wake kiwandani.

Namba za saruji usizichukue kichwani. Soma mfuko. CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi; CEM II/A kati ya 80 na 94; CEM II/B kati ya 65 na 79. Zidisha sehemu ya klinka kwa 0.85 utapata makadirio ya kuanzia. Ukipata CEM II/B yenye klinka 70, tani 55 zinashuka hadi 43. Bado ni nyingi kuliko kokoto. Kiwanda kikikupa tamko rasmi la mazingira la bidhaa yake, tumia hilo badala ya makadirio.

Takwimu za dizeli zitoe kwenye madaftari ya mafuta ya miradi ya jirani na tiketi za mizani. Vitabu vya kigeni vinadhani lori linapita lami tambarare. Njia ya vumbi yenye milima inaongeza ulaji wa mafuta.

Chokaa la chaguo la tatu lina hadithi ileile. Jiwe pekee linatoa kilo 590 hivi kwa tani ya chokaa iliyozimwa, kabla hujahesabu moto. Tanuri likitumia kuni, uliza kuni zimekatwa wapi. Kuna wanaosema chokaa hurudisha hewa ukaa kutoka angani. Ni kweli kwa sehemu, lakini kwenye tabaka la barabara hilo si jambo la kulifurahia: chokaa ikinyonya hewa ukaa kabla haijafanya kazi na udongo, nguvu unayoitaka hupati.

---

Maabara_Chumbageni:

Naungana na Mzani. Mimi nauliza kilichotangulia: hiyo saruji asilimia 3 imetoka wapi?

CBR 50 baada ya kulowekwa si changarawe mbaya kwa barabara ya magari machache. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa 1999 ndio watu wengi wanaoushika, na ukiufuata kwa barabara kubwa utaona unadai G80 (changarawe yenye CBR 80) au kokoto. Lakini tuna mwongozo wa barabara zenye magari machache wa 2016, na huo unaruhusu changarawe zenye CBR chini ya 80 kwenye tabaka la msingi pale mzigo wa ekseli ni mdogo, mitaro ni mizuri na uso wa barabara umeinuliwa vya kutosha juu ya ardhi. Hesabu ekseli kwanza, siku 7 mfululizo, na wiki moja iangukie mavuno ya katani. Kisha pima njia iliyopo kwa DCP (fimbo ya chuma inayogongwa ardhini kupima nguvu ya tabaka) kila mita 100. Barabara ya zamani ya changarawe imeshindiliwa na magari kwa miaka. Mara nyingi ina nguvu ambayo mkandarasi anaikwangua na kuitupa pembeni.

Tatizo la kweli la matumbawe yetu ni kwamba hayashikani. Hayana unyumbufu, kwa hiyo greda likipita yanakwaruzika na kutawanyika. Kifusi chako chekundu kina kasoro ya upande wa pili, PI 14 ni kubwa. Changanya hivyo viwili. Fanya majaribio ya 80:20, 70:30 na 60:40 (matumbawe kwa kifusi) kwa uzito. Kwa kila mchanganyiko pima mchekecho (mgawanyo wa ukubwa wa chembe), PI na CBR iliyolowekwa siku 4, kwa msongamano wa asilimia 95 hadi 98 wa BS nzito (kipimo cha maabara cha kushindilia). Unatafuta PI isiyozidi 6 au hapo karibu, na mchekecho usio na pengo katikati. Kwa vifaa vya aina hii mara nyingi 70:30 ndiyo inayokaa vizuri, ila maabara ndiyo iamue.

Ikiwa bado saruji inahitajika, usianze na asilimia. Anza na kipimo cha mahitaji ya awali ya chokaa: unachanganya udongo na chokaa kwa viwango tofauti, unapima pH baada ya saa moja, na kiwango kinachofikisha 12.4 ndicho ambacho udongo unakula kabla haujaanza kupata nguvu ya kudumu. Ukiweka chini ya hapo, tabaka litapima vizuri siku ya 7 na kulainika baada ya misimu michache ya mvua. Hapo umechoma klinka bure, na utachoma nyingine kulijenga upya. Daraja la C1 la tabaka lenye saruji linadai nguvu ya MPa 1.0 tu, watu wanalenga C2, MPa 2.0, "kwa usalama", na wanachopata ni nyufa za kunywea zinazopanda hadi kwenye lami na kuingiza maji.

Saruji ikishalowa una saa 2 za kuchanganya na kumaliza kushindilia. Kwa asilimia 3 na milimita 150 ni kilo 8.55 kwa mita ya mraba. Mfuko wa kilo 50 unatosha mita za mraba 5.8, kwa hiyo panga mifuko kwa umbali wa mita 2.4 kila upande. Lowesha siku 7 bila kuacha uso ukauke. Ukikauka na kulowa, ukikauka na kulowa, hewa ukaa inaingia na sentimita mbili za juu zinageuka unga.

Jambo moja la pwani ambalo halimo kwenye jedwali lako: chumvi. Changarawe iliyochimbwa karibu na ufuo, au iliyoshindiliwa kwa maji ya kisima chenye magadi, inabeba chumvi. Jua linapokausha tabaka, chumvi inapanda na kuganda chini ya lami nyepesi, lami inavimba vipele na kubanduka. Pima upitishaji umeme wa kila shimo la changarawe na kila chanzo cha maji. Maji ya bahari usiyatumie kabisa. Na usiache tabaka lililopakwa lami ya awali (ile inayonyunyizwa juu ya tabaka la msingi kabla ya lami yenyewe) likae wazi wiki kadhaa, funga haraka.

---

Zigi_Mazingira:

Hesabu za hewa ukaa zimekaa sawa, lakini kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kwenye hesabu hata kidogo, kwa sababu haviuziki kwa kubadilishana na kingine. Sanifu, kabla ya namba weka ukurasa wa makatazo. Chanzo kinachogusa mojawapo kinatoka, hata kama hewa ukaa yake ni sifuri.

Kwanza, hakikisha matumbawe hayo ni ya nchi kavu kweli, yaani mwamba wa kale ulio juu ya ufuo. Mawe ya mwamba hai, au vipande vilivyokusanywa wakati wa maji kupwa, havitumiki. Sehemu ya pwani yenu imo kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, hata pale inapoonekana imekauka.

Pili, mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto, ziwa au bwawa. Watu wanaipima kwa macho. Ipime kwa GPS na uichore kwenye ramani ya machimbo.

Tatu, mchanga. Hujautaja, lakini kalavati, kingo za mitaro na zege la vivuko vitauhitaji. Mchanga ukichimbwa kwenye mto Zigi juu ya bwawa la Mabayani, kingo zinabomoka na tope linaishia kwenye maji ya kunywa ya jiji la Tanga. Ukichimbwa ufuoni, bahari inakula ardhi, na wakazi wa Pangani hawahitaji kuelezwa hilo. Andika kwenye mkataba chanzo cha mchanga kwa jina, na lori la mchanga lije na kibali cha chanzo hicho. Vumbi la kokoto kutoka mtambo wa kusaga, likioshwa, linaweza kuchukua sehemu ya mchanga wa zege.

Nne, mwamba wetu wa chokaa una mapango na nyufa. Mapango ya Amboni ni sehemu tu inayoonekana. Maji yanayoingia kwenye shimo la changarawe hayachujwi na udongo. Yanapita moja kwa moja hadi kwenye visima. Kwa hiyo usiruhusu kujaza dizeli, kubadilisha oili wala kuhifadhi lami ndani ya shimo la matumbawe.

Halafu maji. Changarawe ya matumbawe ina vinyweleo, inakunywa sana. Ikiwa unyevu unaofaa ni asilimia 11 na kifaa kinatoka shimoni na 3, unaongeza asilimia 8 ya tani 2,420: karibu lita 194,000 kwa kilomita, bado hujahesabu yanayokauka. Kiangazi, boza likichota kwenye kisima cha kijiji, akina mama wanakosa. Hilo nalo liandikwe kwa lita na kwa jina la chanzo.

---

Kijana_wa_Ngamiani:

Vipi taka za plastiki kwenye lami? Nasikia ndiyo njia ya kijani siku hizi.

---

Mzani_Barabara:

Kwa barabara hii haiingii, kijana wangu. Njia inayotumika sana ni kumwaga plastiki iliyokatwakatwa juu ya kokoto ya moto, nyuzi 160 hadi 170, ndani ya mtambo wa lami nzito. Lami nyepesi haina mtambo wala kokoto ya moto. Unanyunyiza lami, unamwaga kokoto, unapitisha rola. Hata kwenye lami nzito ni plastiki za mifuko na chupa laini tu zinazofaa. PVC ikipashwa moto inatoa gesi yenye klorini, na kwenye dampo hakuna anayechambua vizuri hivyo.

Kama mnataka kupunguza madhara ya lami kwenye mradi huu, angalieni lami ya awali. MC-30 ni lami iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, na karibu asilimia 40 yake ni mafuta hayo. Kwa lita 1 kwa mita ya mraba ni lita 8,500 kwa kilomita, na lita 3,400 hivi za mafuta ya taa zinapaa hewani. Lami ya emalshani inatumia maji badala yake. Haipenyi kwa kina kilekile, kwa hiyo lowesha uso kidogo kwanza na ufanye kipande cha majaribio cha mita 50.

---

Sanifu_Pangani:

Nashukuru sana wakuu. Nikichukua mchanganyiko wa dada wa Maabara, 70:30 bila saruji, lakini mhandisi mshauri akataka unene uongezwe hadi milimita 200 na akahofia matengenezo ya mara kwa mara, bado una faida?

---

Mzani_Barabara:

Tupige hewa ukaa kwa kila kilomita. Kwa milimita 150: kuchimba tani 3.2, usafiri wa matumbawe asilimia 70 kwa kilomita 6 tani 1.2, usafiri wa kifusi asilimia 30 kwa kilomita 18 tani 1.6. Jumla 6. Kwa milimita 200 zidisha kwa theluthi nne: tani 8 kwa kilomita, dhidi ya 27 za kokoto na 60 za saruji.

Matengenezo: kupaka lami upya mara moja kwa mita 6.5 kunatumia lita 1.2 kwa mita ya mraba, yaani lita 7,800, na kokoto ngumu tani 91 hivi. Kokoto za juu lazima zitoke Muheza kwa chaguo lolote, kwa sababu za matumbawe zinasagika chini ya matairi. Yote kwa pamoja ni tani 4 hivi za hewa ukaa. Kwa hiyo hata ukipaka mara mbili zaidi ya wengine ndani ya miaka 20 unafika 16. Kinachoweza kukuangusha ni kujenga tabaka upya, na tabaka la changarawe linakufa kwa maji. Fedha usiyonunulia saruji iweke kwenye mitaro: sakafu ya mtaro iwe angalau milimita 750 chini ya uso wa barabara, na mabega yafungwe kwa lami pia, yasiachwe udongo.

Kuyumbisha takwimu: weka hewa ukaa ya saruji tani 0.60 kwa tani kisha 0.85, weka lori linalokula mafuta robo zaidi. Mpangilio wa machaguo haubadiliki. Liandike hilo wazi, maana ndilo mhandisi mshauri atakalouliza kwanza. Chini yake orodhesha bila kuzijumlisha pamoja: lita za maji kwa kilomita, safari za malori zinazopita vijijini (kokoto ni safari 1,128 kwa mradi mzima), na hekta za ardhi iliyochimbwa.

---

Zigi_Mazingira:

Hizo hekta nikusaidie, kwa sababu ndipo miradi inapoacha makovu. Kilomita 12 kwa milimita 200 ni mita za ujazo 20,400 zilizoshindiliwa. Asilimia 70 ni 14,280. Ongeza upotevu na mabaki makubwa yasiyofaa, chukua 16,000. Kwa kina cha mita 2 ni hekta 0.8, na udongo wa juu wa milimita 150 ni mita za ujazo 1,200. Kwangua udongo huo kwanza, uurundike usiozidi mita 2 kwenda juu ili usife, na usichanganywe na mabaki ya mawe.

Kufunga shimo kuwe na mstari wake wa malipo kwenye mchanganuo wa kazi na bei, si ndani ya "gharama za jumla", kwani humo hakuna anayekumbuka. Kingo zilazwe kwa 1:3, sakafu iwe na mteremko wa kutoa maji ili mbu wasizaliane, udongo wa juu urudishwe, nyasi zipandwe mwanzo wa mvua. Kwenye kingo kali, wavu wa katani unashika udongo mpaka mizizi ikomae. Usiuweke chini ya barabara, unaoza. Kijiji kikiomba shimo liachwe liwe lambo, iwe kwa muhtasari wa mkutano wa kijiji, na lambo liwe na upande mmoja wa kuteremkia mifugo na watoto bila kutumbukia. Kwenye shimo la matumbawe lambo halishiki maji, kwa hiyo ombi hilo lielekezwe kwenye shimo la kifusi chekundu. Sehemu ya fedha ya mkandarasi inayozuiliwa isitolewe hadi picha za mvua ya pili zionyeshe nyasi zimeshika.